Wenye Nyumba: Rekodi za Wanawake Wenye Mali katika Nairobi ya Ukoloni

Nairobi haina bahari, lakini ilizaliwa kama bandari. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa tarehe 30 Mei 1899, palikuwa na tambarare ya majimaji ambako Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Baada ya hapo yakaja mambo yote ya gatini: maghala, karakana, makuli, maduka ya Wahindi, askari, makarani, hakimu, na wanaume wengi mno waliokuja bila wake zao. Mombasa ilikuwa na misikiti yake na koo zake za karne nyingi. Nairobi ilikuwa na ratiba ya treni.

Mji wa aina hiyo, popote ulipo Afrika, huwafungulia wanawake wachache mlango ambao kijijini wasingeuona. Saint-Louis na Gorée, pwani ya Senegal, katika karne ya 18, wanawake walioitwa signare walimiliki nyumba za mawe, mashua, dhahabu na watumwa, na wafanyabiashara wa Kifaransa hawakuweza kwenda mbali bila wao. Luanda ilikuwa na Dona Ana Joaquina dos Santos Silva, mwenye meli, mashamba na jumba kubwa, aliyetajirika kwa kuuza watu Brazili. Karibu nasi zaidi, mabinti wa Sayyid Said wa Unguja walirithi mashamba kwa sheria ya Kiislamu, fungu lao likiwa nusu ya lile la kaka zao, na bado likatosha kuwafanya mabibi wenye kauli.

Nairobi ilichelewa kuingia kwenye orodha hiyo. Hapa hapakuwa na meli wala dhahabu. Mali ya mwanamke ilikuwa kiwanja, chumba, kitanda na birika la chai. Na kwa wale ambao sheria iliwapendelea kwa rangi yao, kahawa na maelfu ya ekari. Ukienda leo kutoka Kimathi Street hadi Karen utakutana na majina ya baadhi yao yakiwa kwenye kuta na kwenye vibao vya barabara. Wengine, waliokuwa wengi zaidi, hawana hata kichochoro. Nimezipanga rekodi hizi kuanzia katikati ya mji kuelekea magharibi, kisha nikauvunja mpangilio wangu kwa sababu rekodi kubwa kuliko zote iko ng'ambo ya Mto Nairobi.

Hoteli kongwe kuliko zote

Norfolk ilifungua milango yake siku ya Krismasi 1904, na wengi hudhani ndiyo iliyotangulia. Mayence Bent alikuwa amekwisha kuanza kukodisha vitanda tangu 1902, katika vyumba vichache juu ya duka kwenye Victoria Street, barabara tunayoiita sasa Tom Mboya. Aliipa nyumba yake jina la Stanley. Magodoro hayakuwa rahisi kupatikana katika mji wa mabati na turubai, na husimuliwa kwamba kijana mmoja Myahudi aliyekuwa amewasili kutafuta maisha, Abraham Block, alimtengenezea magodoro kwa kukata nyasi na kuzishindilia ndani ya kitambaa.

Mwaka 1905 moto uliteketeza Victoria Street na Stanley ikaungua pamoja na majirani zake. Bi Bent alihamishia biashara kwenye jengo jingine, akaendelea kupokea wageni. Baadaye jina lenyewe likaingia kwenye mgogoro, na alipojenga upya penye kona ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street za leo, mnamo 1913, ilimbidi aiite New Stanley ili kuitofautisha na ile ya zamani iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine. Hoteli hiyo bado ipo pale pale. Mwaka 1947 aliyeinunua ni yule yule mtengeneza magodoro, ambaye kufikia wakati huo alikuwa anamiliki Norfolk pia.

Vitabu vya watalii humtaja mwandishi Hemingway kabla ya kumtaja Bi Bent. Hemingway alilala, Bi Bent ndiye aliyetandika. Msomaji aiweke akilini biashara yake, yaani kumuuzia mwanamume mgeni mahali pa kulala, maji ya kuoga na chakula cha moto, kwa sababu tutaikuta tena upande wa pili wa mji, ikifanywa na wanawake ambao polisi waliwaita kwa jina tofauti.

Jengo pekee lenye sheria yake lenyewe

Banda Street, ubavuni mwa Msikiti wa Jamia, kuna jengo lenye nguzo nene, ngazi pana na simba wawili wa mawe waliolala kama wamechoka kusubiri. Hiyo ni Maktaba ya McMillan, na aliyeisimamisha ni mjane wa Kimarekani, Lucie McMillan.

Mumewe, Sir William Northrup McMillan, alitoka katika familia tajiri ya St. Louis. Alikuwa na shamba la Juja, ambako Rais mstaafu Theodore Roosevelt alikaribishwa mwaka 1909 katika safari yake ya kuwinda, na alikuwa na nyumba ya kifahari Chiromo, magharibi kidogo ya katikati ya mji, mahali ambapo leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi husomea sayansi. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa ajabu. Alipofariki 1925 alitaka kuzikwa juu ya mlima Ol Donyo Sabuk, na simulizi ya huko inasema gari lililobeba jeneza lilishindwa kufika kileleni, ndiyo maana kaburi lake liko njiani.

Lucie alibaki Kenya kwa miaka 32 ya ujane. Angeweza kuimaliza fedha hiyo kwa farasi na shampeni, kama walivyofanya wengi wa tabaka lake. Badala yake alijenga maktaba, ikafunguliwa Juni 1931. Ndiyo maktaba kongwe kuliko zote Nairobi, na nchini Kenya inatanguliwa na ile ya Seif bin Salim ya Mombasa tu. Mwaka 1938 ikatungiwa sheria yake yenyewe, na hadi leo hakuna jengo jingine Kenya lenye heshima hiyo.

Rekodi nyingine ya jengo hilo haijaandikwa kwenye kibao chochote. Hadi 1958 walioruhusiwa kuingia kusoma walikuwa Wazungu peke yao. Mwafrika angeweza kupiga deki chini ya rafu, lakini kufungua kitabu kilichokuwa juu yake lilikuwa jambo jingine. Waumini waliotoka Jamia siku ya Ijumaa walipita mbele ya wale simba kwa zaidi ya miaka 20 bila ruhusa ya kuingia. Lucie mwenyewe alifariki 1957, mwaka mmoja kabla mlango haujafunguliwa kwa wote, akazikwa karibu na mumewe mlimani. Mwaka 1962 halmashauri ya jiji ikaichukua maktaba, na miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likiifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kwa hiyo wanawake wawili wa Nairobi ndio waliokuja kufanya kazi ambayo fedha za mwanamke wa kwanza hazikuifanya: kumleta msomaji.

Kiti cha kwanza cha umeya

Gwladys Delamere aliolewa na Lord Delamere wa tatu, kinara wa walowezi, mwaka 1928. Mume akafariki 1931, akiacha sifa kubwa na madeni makubwa. Mjane akaingia siasa za mji, na mwaka 1938 akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, kiti alichokikalia hadi 1940. Nairobi ilisubiri hadi 1970 kumpata mwanamke Mwafrika katika kiti hicho, Margaret Kenyatta.

Tuushike mwaka huo wa 1938. Tutauhitaji tukifika Pangani, kijiji cha Waafrika ng'ambo ya mto.

Jina kubwa zaidi kwenye ramani, na hasara iliyosifiwa kuliko zote

Karen Blixen aliwasili kutoka Denmark Januari 1914 na kuolewa Mombasa mwezi ule ule. Shamba lake na mumewe chini ya vilima vya Ngong lilifikia ekari 6,000, na takriban 600 kati ya hizo zilikuwa kahawa. Kwa ukubwa huo angetosha kuitwa tajiri. Hakuwa. Fedha zilikuwa za jamaa zake wa Denmark, wenye hisa katika Karen Coffee Company, na kila mwaka walitumiwa barua ya kuomba subira.

Tatizo lilikuwa ardhi yenyewe. Kahawa ya kwanza eneo la Nairobi ilipandwa na mapadre wa misheni ya St Austin's, upande wa Lavington, na ikakubali vizuri. Walowezi wakaamini kila mteremko wa magharibi utakubali vile vile. Shamba la Ngong lilikuwa juu mno, zaidi ya mita 1,800, penye baridi ya usiku na mvua isiyoaminika. Mwaka 1923 kinu cha kukobolea kahawa kikaungua. Mwaka 1931 kampuni ikauza shamba, na mnunuzi, Remy Martin, akalikatakata kuwa viwanja vya makazi na kuliita eneo hilo Karen. Kuhusu jina hilo wajuzi hawajaacha kubishana: mwenyewe aliamini mtaa umeitwa kwa ajili yake, wengine wanasema kampuni ilipewa jina la binamu yake Karen, binti wa mwenyekiti. Mimi naona ubishi huo haumpunguzii kitu. Jina limebaki, na watu wanaolipia kodi kule leo hawamfikirii binamu.

Katika shamba hilo ziliishi familia nyingi za Wakikuyu walioitwa maskwota, waliolipa kwa siku zao za kazi haki ya kulima vipande vya ardhi ambayo babu zao hawakuwahi kuiuza kwa mtu. Shamba lilipouzwa walitakiwa kuondoka. Blixen alizunguka ofisi za serikali miezi yake ya mwisho akiomba wapewe mahali pamoja, wasitawanywe, na akafanikiwa: walipata ardhi upande wa Dagoretti. Hili nalihesabu kuwa la juu kuliko kahawa yote aliyovuna. Hata hivyo tusisahau sheria ya siku zile: mlowezi alikodishiwa ardhi kwa miaka 999 chini ya sheria ya ardhi ya 1915, na Mkikuyu aliyeujua kila mti wake hakuruhusiwa hata kupanda kahawa ya kuuza.

Alirudi Denmark akiwa hana kitu, akaandika Out of Africa mwaka 1937, na hasara ile ikazaa fedha ambazo kahawa haikuzaa. Filamu ya 1985 ilizoa Oscar saba. Nyumba yenyewe, ambayo serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya baada ya uhuru, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986.

Mbili za haraka, upande ule ule wa Ngong Road

Ardhi nyingi zaidi iliyokusanywa kwa njia ya ndoa: Diana Delamere, aliyewasili 1940 akiwa mke mpya wa Sir Jock Delves Broughton, wakapanga nyumba Karen. Januari 1941 mpenzi wake, Earl wa Erroll, aliuawa kwa risasi ndani ya gari karibu na njia panda ya Ngong. Mume alishtakiwa, akaachiliwa. Diana akaolewa na Gilbert Colvile, mfugaji mwenye mashamba makubwa kupindukia, kisha mwaka 1955 akaolewa na Lord Delamere wa nne. Alifariki 1987 bila kumwambia mtu aliyemuua Erroll, kama alimjua. Vitabu vimeandikwa vya kutosha juu ya risasi ile; mimi navutiwa zaidi na ekari.

Rekodi kubwa zaidi iliyovunjwa na mwanamke asiye na fedha: Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kupata leseni ya kufundisha farasi wa mbio kabla hajatimiza miaka 20. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, Kanada, zaidi ya saa 20 dhidi ya upepo, katika ndege ya kuazima, na kuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Farasi wake walishinda Kenya Derby mara sita. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo aliyopewa na klabu ya mbio pale Ngong, akiwa karibu na ufukara, hadi kitabu chake cha 1942 kilipochapishwa upya mwaka 1983 na kumletea kipato. Alifariki Nairobi 1986.

Wenye nyumba wengi zaidi

Sasa tuvuke mto.

Miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa mibaya katika nchi za Wakikuyu, Wamaasai na Wakamba. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, njaa ikamaliza waliobaki. Wakati huo huo treni iliwashusha Nairobi wanaume wenye mshahara. Mabinti wa nyumba zilizofilisika wakaja mjini, na fedha waliyoipata ilirudi kwanza kwa baba ikiwa mbuzi na ng'ombe. Mwanahistoria Luise White aliwasikiliza wazee wa kike wa mtaa wa Pumwani wakisimulia mambo hayo, na kitabu chake cha 1990, The Comforts of Home, ndicho kilichobadilisha hadithi yote. Kabla yake mtafiti Janet Bujra alikuwa ameishi Pumwani na kuandika juu ya wanawake hao kama wafanyabiashara, neno ambalo serikali ya mkoloni isingelitumia.

Mtaji, tuseme wazi, kwa wengi wao ulitokana na umalaya. Lakini mwanamke aliyeitwa malaya katika Pangani ya miaka ya 1920 hakusimama barabarani. Waliosimama huko waliitwa watembezi. Yeye alikaa chumbani kwake, mlango umefungwa kwa heshima, na mwanamume akaja kubisha hodi kama mgeni. Alipewa chai, maji ya kuoga, chakula, na akilala hadi asubuhi alipata na kifungua kinywa. Kila kitu kilikuwa na bei yake. Mwajiri wa Kizungu alilipa mshahara usiotosha kumlisha mke na watoto, akampa mfanyakazi wake kitanda katika bweni. Nyumba iliyokosekana hapo iliuzwa Pangani kwa saa na kwa usiku. Ndiyo sababu maofisa walilalamika sana na kuchukua hatua kidogo. Bila wanawake wale, wafanyakazi wa reli na wa ofisi wangehitaji kulipwa zaidi.

Kuanzia hapo fedha ilifanya kazi ya pili. Mwanamke alinunua fito, akakandika udongo, akaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa na kunyooshwa, akapata nyumba ya vyumba vilivyotazamana kwenye ukumbi mmoja. Chumba kimoja alikaa mwenyewe, vilivyobaki akapangisha. Baada ya miaka michache hakuhitaji tena kumfungulia mgeni, kodi ilimtosha. Wanawake hao walikuwamo katika kila kijiji cha Waafrika kilichokuwa kimeuzunguka mji: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, na hata Kileleshwa, ambayo leo ni maghorofa ya watu wenye magari mawili na ambayo wapangaji wake wa sasa hawajui kwamba mtaa wao ulianza kama kijiji cha Waafrika kilichovunjwa.

Hesabu zilizofanywa miaka ya 1930 na 1940 katika Pangani na Pumwani zilionyesha kwamba karibu wenye nyumba wawili kati ya kila watano walikuwa wanawake. Hiyo ndiyo rekodi ninayoiweka juu ya zote. Kijijini kwao, mwanamke aliipata ardhi kupitia kwa baba, mume au mwanawe. Katika mji wa Wazungu, wanawake wenye mali niliowataja juu waliipata nyingi yake kwa kuolewa na kufiwa. Hawa wa Pangani na Pumwani walijenga wenyewe, matofali hayakuwapo lakini nyumba zilikuwapo, na majina yaliyokuwa kwenye daftari la kodi ya nyumba yalikuwa yao.

Wengi walisilimu. Imani ilikuwapo, na hakuna haja ya kuidogosha, lakini ilikuja na faida ambayo kila mwenye mali aliiona: mwanamke aliyeingia Uislamu alipata jamaa mpya mjini, na ukoo wa baba yake ukakosa njia ya kudai nyumba yake akifa. Aliirithisha kwa binti, kwa mtoto wa kulea, au kwa mwanamke mwenzake aliyemwita dada. Nyumba zikapita kutoka mkono wa mwanamke hadi mkono wa mwanamke. Na kulikuwa na uhuru mwingine mdogo wa kila siku: kipande, kile cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni kuanzia 1920, hakikumhusu mwanamke. Mpangaji wake alisimamishwa na askari kila kona. Mwenye nyumba alipita.

Miaka ya 1930 wakaongezeka Wahaya kutoka Bukoba, na hawa walifanya mambo kwa mtindo mwingine. Walikaa wazi mlangoni, walitoza bei iliyojulikana, hawakupika chai, na fedha zao zilivuka Ziwa Victoria kurudi kwenye migomba na mibuni ya nyumbani. Wenye nyumba wa Pumwani waliwadharau kwa sauti kubwa, huku wakiwapangisha vyumba.

Kilichokosekana ni hati. Mlowezi alikuwa na miaka yake 999. Mwanamke wa Pangani alikuwa na kibali, na kibali hufutwa. Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijiji vile vingine vilianza kuvunjwa kimoja kimoja, na wenye nyumba wakaambiwa wajenge upya kwa gharama yao kwenye viwanja vya manispaa. Pangani ilikataa kwa muda mrefu kuliko vyote. Ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na kufikia 1939 haikuwapo tena. Waliokuwa na nyumba wakaelekezwa kwenye nyumba mpya za manispaa kule Shauri Moyo. Meya aliyekuwa kitini, kama msomaji anavyokumbuka, alikuwa Gwladys Delamere. Mwanamke wa kwanza kuuongoza mji aliongoza mji uliovunja mtaa wa wanawake wenye nyumba wengi kuliko mtaa wowote wa mlowezi.

Wodi yenye vilio vingi zaidi

Mke wa gavana, Lady Grigg, alichangisha fedha za huduma ya uzazi, na mwaka 1926 hospitali yenye jina lake ikaanza Pumwani, katikati ya nyumba zile zile za madebe. Sasa ni Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, na mara nyingi hutajwa kuwa kubwa kuliko zote za aina yake Afrika kusini ya Sahara. Wakazi wengi wa jiji walizaliwa hapo na hawajawahi kumsikia Lady Grigg. Kati ya majina yote ya mabibi wa kikoloni, lake ndilo lililofutika huku kazi ikikua, na nadhani hayo ni mafanikio bora kuliko mtaa.

Biashara kubwa zaidi isiyo na leseni

Turudi magharibi kumalizia, Kibra. Askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, Wanubi, walipewa mahali pa kukaa msituni kusini magharibi ya mji, ekari 4,197 zilizotangazwa rasmi mwaka 1918. Pensheni ya askari ilikuwa ndogo au haikuwapo. Wake na mabinti zao wakaingia kazini: walipika pombe kali ya kukenekwa ambayo mji mzima uliijua kama gin ya Kinubi.

Soko lilitengenezwa na serikali yenyewe. Sheria ilimkataza Mwafrika kununua pombe kali ya chupa, kwa hiyo kila aliyeitaka alilazimika kuitafuta Kibra, na Kibra ilikuwa umbali wa kutembea kutoka kwenye nyumba za watumishi za Kilimani na kando ya Ngong Road. Polisi walivamia, wakamwaga mapipa, wakatoza faini. Wanawake walilipa faini kama mtu anavyolipa leseni, wakawasha moto tena. Kwa miaka ya 1930 na 1940 maofisa waliandika malalamiko kuhusu biashara hiyo, na kila barua ilikuwa ushahidi kwamba inaendelea. Fedha yake iliezeka mabati, ikalipa karo, ikanunua ng'ombe.

Kile ambacho fedha hiyo haikuweza kununua ni ardhi iliyokuwa chini ya miguu yao. Wanubi walikaa Kibra vizazi vinne wakiwa wapangaji wa serikali, eneo likimegwa kwa ajili ya nyumba za watumishi wa umma, barabara na mitaa mingine. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya jumuiya. Ilikuwa ya ekari 288.